Mzigo Uko Njiani: namna ya kuuza kabla bidhaa haijafika

Mwezi wa Desemba Moshi haulali. Watu wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Nairobi, mabasi yanashusha abiria mpaka usiku, na kila mtu ana lake analotafuta: mbuzi wa Krismasi, kitenge cha mama, sare na viatu vya shule kwa ajili ya Januari. Mfanyabiashara akisubiri mzigo ushuke ndipo atangaze, wateja wameshamaliza hela kwingine. Ndiyo maana wengi wetu tunauza kabla. Tunauza viatu ambavyo bado viko Kariakoo na mbuzi ambao bado wananenepa.

Sioni ubaya wowote katika kuuza hivyo. Ubaya huingia kwenye maneno, na mimi nilijifunza hilo mbele ya mteja.

Mwaka mmoja, siku mbili baada ya Krismasi, niliandika kwenye stetasi yangu ya WhatsApp: "Viatu vya shule VIMEFIKA. Namba zote zipo." Ukweli ni kwamba viatu vilikuwa kwenye buti la basi, na basi lilikuwa ndiyo kwanza limepita Same. Nikapiga hesabu kwamba saa mbili hazitaisha kabla havijawa mezani. Basi likaharibika Mwanga. Saa sita mchana akatokea mama mmoja kutoka Kibosho na watoto wawili, kalipa nauli ya haisi ya watu watatu. Nikamwamkia. Akaitikia, akaangalia meza tupu, akasema taratibu: "Marahaba mwanangu. Umeandika vimefika. Vimefika wapi?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile kila tangazo ninaloandika naanza na kitenzi, na mwongozo huu nimeupanga hivyohivyo.

Hatua ya 1: Jiulize bidhaa iko wapi sasa hivi

Kabla hujashika simu, sema kwa sauti mahali bidhaa ilipo. Inaweza kuwa kichwani mwako, maana yake hujaagiza. Inaweza kuwa kwa muuzaji wa jumla, hujailipia. Inaweza kuwa barabarani au baharini, imelipiwa na imepakiwa. Au iko mjini lakini hujaifungua. Kila mahali pana maneno yake, na kosa linaanza pale unapochukua maneno ya mahali pa nne ukayatumia mahali pa kwanza.

Kama hujaagiza, tumia "-ki-". "Nikipata oda 20 naagiza." Silabi hiyo moja inamwambia mteja kwamba kuna sharti, kwamba wasipofika 20 hakuna mzigo. Ukiandika "naleta viatu" umeshajifunga hata kama oda ni tatu.

"Mzigo uko njiani" ni maneno yanayotamkwa kirahisi kuliko yote sokoni. Mimi nimejiwekea kanuni: siyaandiki mpaka nishike risiti ya basi au karatasi ya wakala wa usafirishaji. Risiti ikiwa bado, andika "nimeagiza, nasubiri kupakiwa". Ni marefu kidogo, lakini mteja anayeelewa biashara atakuheshimu kwa hayo.

"Umefika" ni neno la mkono. Kama hujaugusa, haujafika. Na "umefika" haimaanishi "umefunguliwa", jambo ambalo watu wa mitumba wanalijua vizuri. Belo limefungwa kwa mikanda, hata mwenye belo hajui ndani kuna nini hasa. Wazee walisema usikate kanzu kabla mtoto hajazaliwa. Kwa hiyo ukitangaza belo kabla ya kulifungua, taja unachokijua tu: ni la nguo gani, gredi gani, linafunguliwa lini na wapi. "Belo la mashati ya watoto, gredi ya kwanza, nalifungua soko la Memorial Jumamosi saa 2 asubuhi." Ukiweka picha ya shati jeupe zuri la belo la mwezi uliopita, unauza mbuzi kwenye gunia.

Hatua ya 2: Sikiliza mteja ametumia kitenzi gani

Kiswahili kimetupa zawadi hapa na wengi hatuitumii. Mteja akikuandikia, angalia neno lake.

"Nijulishe" ni mtu anayetaka habari. Usimwandike kwenye oda. "Nitafutie" ni mtu mwenye haja, lakini bado hajakubali bei wala aina. "Niwekee" ni mtu anayekuamini, anataka ukiwa na bidhaa usimpe mwingine, na mara nyingi hakusudii kutoa kitu mpaka aione. "Niagizie" ni oda. Huyu ameshakubali ukatoe hela yako kwa ajili yake.

Hasara nyingi nilizoziona kwa wenzangu zimetokana na kuwahesabu watu wa "niwekee" kana kwamba wamesema "niagizie". Mtu anaona ujumbe 40, anaagiza pea 40, anajikuta na 25 mkononi mwezi wa pili. Ukiwa na shaka, uliza waziwazi: "Dada, nikuagizie au nikujulishe vikifika?" Swali hilo halijawahi kumkwaza mtu.

Hatua ya 3: Ipe fedha jina lake

Fedha inayotangulia ina majina mengi, na kila jina linabeba matarajio yake. "Advansi" ni sehemu ya bei, iliyobaki inamaliziwa bidhaa ikifika. "Kianzio" kimezoeleka kwenye vitu vya kulipia kidogo kidogo kama bodaboda na viwanja, ukisema kianzio mteja anategemea kuna awamu zinazofuata. "Arbuni" ni neno la zamani la biashara za pwani, fedha ya kufunga makubaliano ili muuzaji asimpe mtu mwingine. Madalali husema "kishika uchumba". Linachekesha na linashika masikioni, ila halisemi uchumba ukivunjika fedha inakwenda kwa nani. Mimi silitumii kwenye maandishi.

Jina lolote utakalochagua, liambatanishe na sentensi moja: inarudi au hairudi, na kwa sababu gani. "Mzigo usipofika, advansi inarudi yote. Ukibadili mawazo baada ya mimi kuagiza, hairudi." Iandike kabla hujapokea hata shilingi moja. Ikiandikwa baadaye inasomeka kama ujanja.

Na epuka kusema "nimeuza" kwa kitu ambacho hujakipata. Hata sheria yetu, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inatenganisha bidhaa iliyopo na bidhaa ya baadaye ambayo muuzaji ataitengeneza au kuipata baada ya mapatano. Ukijidai umeiuza leo hiyo ya baadaye, ulichofanya kisheria ni makubaliano ya kuuza. Neno la sokoni linalolingana na hilo ni "nimepokea oda". Litumie.

Hapa nisimame kidogo, maana hela ya mapema ina sura mbili na sisi tunaoishi chini ya Mlima tunaijua hata ile nyingine. Mkulima naye huuza kabla. Kagera kuna jina lake, butura: mwenye shamba anabanwa na ada au ugonjwa, anauza kahawa ikiwa bado iko mtini kwa bei ya chini mno, na msimu ukifika mavuno si yake tena. Serikali imeipiga vita miaka mingi. Kusini kwenye korosho nao wana kangomba. Ukitazama vizuri, utaona ni neno lilelile la kuuza mapema, ila mwenye shida ndiye aliyepewa masharti. Wewe unapochukua advansi ya mama anayehangaikia viatu vya Januari, mwenye shida ni yeye, na masharti unaandika wewe. Yaandike ukijua hilo.

Waislamu wanao utaratibu wa zamani kwa jambo hili, salam, uliowekwa Madina ambako watu walikuwa wakilipia tende miaka miwili au mitatu kabla. Masharti yake yanamfaa hata asiye Mwislamu: bei ilipwe yote mwanzoni, kipimo kijulikane, uzani ujulikane, na muda ujulikane. Mimi sichukui bei yote, nachukua advansi, lakini hayo matatu ya mwisho nimeyashika.

Hatua ya 4: Taja siku kwa tarehe

"Wiki ijayo" ni maneno ya kusogeza watu mbele. "Ijumaa ijayo" ni mbaya zaidi, kwa sababu mtu akiisoma Jumatano nusu ya wasomaji wataelewa keshokutwa na nusu wataelewa ile ya wiki inayofuata. Andika tarehe. Tena andika mbili, ya mapema na ya mwisho, kisha weka ya tatu ambayo ikipita fedha inarudi. Mzigo wa basi kutoka Dar unaweza kufika kesho yake, lakini kupata namba zote kwa muuzaji wa jumla kunaweza kukula siku tatu. Mzigo wa China kwa meli hata usiutajie siku, taja mwezi, na usubiri utoke bandarini ndipo utaje tarehe.

Hatua ya 5: Andika tangazo lenyewe

Hili ni tangazo la aina ninayokutana nayo kila siku, nami niliwahi kuandika kama hili:

"KAA MKAO WA KULA!!! Mzigo mpya wa viatu vya shule unaingia hivi karibuni. Bei ya kutupa. Vimebaki vichache, hii si ya kukosa. Njoo inboksi."

Na hili ndilo niliandika baada ya kufundishwa na meza tupu:

"Nakusanya oda za viatu vya shule, vyeusi, vya kamba, namba 30 hadi 40. Bei ya oda 25,000. Vikishafika vitauzwa 28,000. Ukitanguliza 10,000 pea yako inaandikwa jina lako. Dirisha la oda linafungwa Jumamosi tarehe 13 Desemba saa 12 jioni. Naagiza Jumatatu. Natarajia vifike Moshi kati ya Alhamisi tarehe 18 na Jumamosi tarehe 20. Visipofika hadi Jumanne tarehe 23, advansi inarudi yote siku hiyohiyo kwenye namba uliyolipia. Picha ni ya mfano, soli inaweza kutofautiana kidogo. Wateja wa Arusha, nauli ya kosta haimo kwenye bei."

Ni refu, najua. Lakini hesabu maswali ambayo la kwanza linayazalisha: bei gani, namba gani, lini, nalipaje, mnapatikana wapi. Utajibu maswali hayo mara 60 kwa sauti hadi betri iishe.

Tuangalie maneno machache kwa karibu. "Vimebaki vichache" kwa viatu ambavyo havijaagizwa ni uongo wa wazi, kitu kisichokuwepo hakibaki. Kama idadi ina kikomo, taja kikomo: "nachukua oda 30 tu, zimeshafika 18." Kumbuka pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na tangazo la simu nalo ni tangazo.

"Bei ya kutupa" iache mpaka mzigo uwe mkononi. Kabla ya hapo hujui nauli itakuwa ngapi wala muuzaji wa jumla atapandisha shilingi ngapi. Bei ya oda ukishaitaja imekuwa ya kwako, ikiongezeka gharama unabeba wewe. Kama huwezi kuibeba, sema "bei inaanzia" na usichukue advansi.

"Dirisha la oda" nimeliazima kwa watu wa mpira. Kila anayefuatilia Simba na Yanga anajua dirisha la usajili likifungwa limefungwa, sihitaji kueleza zaidi. Ila na wewe lifunge kweli. Ukimpokea mtu siku mbili baadaye, wote waliokimbizana na muda watajiona wajinga.

"Kaa mkao wa kula" nayapenda, na sisemi yafutwe. Lakini yana muda wake. Mtu akikaa mkao wa kula anataka aone sufuria likiipuliwa. Yafaa saa chache za mwisho, mzigo ukiwa umeshapita Korogwe. Ukiyasema wiki nne kabla, watu watachoka kukaa. Mwanzoni tumia maneno ya polepole, "naandaa", "nakusanya oda", halafu katikati toa kionjo: picha moja ya pea moja halisi uliyotumiwa na muuzaji, ya soli au ya ushonaji. Usimimine picha 20 siku moja.

Kuhusu picha, yapo maneno mawili tu ya kukumbuka, "picha halisi" na "picha ya mfano", na kila picha lazima iwe na mojawapo. Kwa viatu ongeza ombi: mteja apime unyayo wa mtoto kwa rula akutumie sentimita. Namba za viatu vya China na za Ulaya hazilingani siku zote, sentimita ni sentimita.

Jihadhari na mzigo wa zamani

Hili si hatua, ni onyo. Ukitangaza kipya, cha zamani kinalala. Mwaka 1983 kampuni ya Osborne ya Marekani, iliyokuwa ikiuza kompyuta za kubeba, ilizungumzia kompyuta yake mpya kabla haijawa tayari. Wauzaji na wateja wakaacha kununua ile iliyokuwepo, na kampuni ikafilisika mwaka huohuo. Wachumi hubishana kama hiyo ndiyo sababu pekee, lakini kosa lenyewe limebaki na jina la kampuni hiyo hadi leo. Kwa hiyo maliza kwanza vya mezani. Kama huwezi, vitaje kwenye tangazo lilelile kwa bei yake: "vya mwaka jana vipo, pea 6, 18,000, unachukua leo." Neno "unachukua leo" lina nguvu yake kwa mtu asiyependa kusubiri.

Hatua ya 6: Daftari

Mali bila daftari huisha bila habari. Andika jina, simu, namba ya kiatu, alicholipa, alichobakiza na kitenzi alichotumia. Ndiyo, kitenzi. Kama amelipa kwa simu, andika na jina lililotokea kwenye ujumbe wa muamala, kwa sababu mara nyingi mama anaagiza na simu ni ya baba, na siku ya kurudisha hela hutajua ni ya nani.

Advansi usiichanganye na mauzo ya siku. Mimi naiweka kwenye laini ya peke yake na siigusi mpaka siku ya kuagiza. Hela hiyo bado ni ya watu.

Hatua ya 7: Mzigo ukichelewa, sema wewe kwanza

Mteja akiuliza kabla hujamwambia, umeshapoteza. Na ukimwambia, taja kilichotokea. Maneno mawili nayaomba yaachwe kabisa hapa: "changamoto" na "mchakato". "Kuna changamoto kidogo, tupo kwenye mchakato" hayamwambii mtu aliyelipa elfu kumi kama viatu vipo duniani au havipo. Andika hivi:

"Habari za asubuhi mama. Viatu vya mtoto namba 33 vilipakiwa jana usiku Dar, risiti ninayo. Basi limeharibika Mwanga, fundi yuko njiani. Leo havitafika. Natarajia kesho kabla ya saa 6 mchana, nikivishika nitakupigia. Usitoke nyumbani mpaka nikupigie. Ukitaka hela yako badala ya kusubiri, niambie naituma sasa hivi. Samahani sana."

"Usitoke nyumbani mpaka nikupigie" ndiyo sentensi ninayoijali kuliko zote humo. Tangu nianze kuiandika sijamwona tena mtu ameshika watoto wawili mbele ya meza tupu. Na wanaoomba hela yao ni wachache sana, wengi hujibu "haya, nasubiri".

Hatua ya 8: Siku ya kufika

Mzigo ukishuka, usikimbilie stetasi. Fungua, hesabu, linganisha na daftari, bandika majina. Kisha piga simu kwa wenye oda, halafu wale wa "niwekee", halafu tuma ujumbe kwa wale wa "nijulishe". Mwisho kabisa ndipo uandike kwa watu wote: "Vimefika, nimevifungua, namba 31, 34 na 36 zimebaki, bei 28,000." Mwenye oda akikuta kiatu chake ameshavaa mtu mwingine kwa sababu amelipa taslimu, hiyo oda yake haikuwa na maana yoyote.

Wapo wasiotokea. Wape muda uliotajwa tangu mwanzo, kwangu ni siku 7, na uwapigie siku moja kabla haujaisha. Sasa hivi chini ya meza yangu ipo pea moja namba 32 imefungwa kwa kamba, juu yake nimebandika kipande cha boksi kilichoandikwa jina la mtoto na "imelipiwa 10,000, imebaki 15,000". Watu watatu wameshaiulizia leo. Muda wake unaisha Jumamosi saa 11 jioni, na Ijumaa nitampigia mama yake tena.